Meno Haya ni ya Maji ya Paa

Walisema siwezi. Tena hawakunong'ona. Walisema mchana kweupe, mbele ya mama yangu, na mimi mwenyewe nimesimama hapo hapo na kaptula yangu yenye viraka viwili vya makalio. Mzee Shabani, fundi cherehani wa mtaa wetu, alitoa pini mdomoni ili maneno yatoke sawasawa. Akasema, "Huyu Yona akipanda juu kusafisha gata, mimi Shabani nitamshonea ng'ombe wenu suruali."

"Na mifuko umtie, Mzee," akadakia Mama Nai, jirani yetu wa upande wa mgombani.

"Nitamtia hadi mfuko wa saa!"

Watu wakacheka mpaka mbwa wakaanza kubweka. Nami nikacheka, kwa sababu mtoto wa Sombetini ya enzi zile ukichekwa ulikuwa na njia mbili tu, ucheke nao au ulie peke yako.

Basi wenzangu wa rika langu, ninyi mliocheza kombolela hadi mama akaita kwa jina la ubatizo, nisikilizeni. Huyo aliyechekwa ndiye mimi niliyekwenda kusomea ufundi bomba na kurudi na stashahada, bila mjomba ofisini wala barua ya mtu. Ndiye niliyevuka bahari nikafunga mabomba kwenye maghorofa ya Muscat, nchi ambayo mvua ikinyesha watu hutoka nje kuipiga picha. Ndiye niliyerudi nikajenga Njiro, nyumba yenye gata kuzunguka pande zote, jeupe, limenyooka kama mstari wa rula. Sijisifu. Nasema yaliyopo. Lakini kabla ya stashahada, kabla ya Muscat na kabla ya Njiro, kulikuwa na gata moja, mfereji wa bati wa kukinga maji ya paa, lililofungwa kwa waya, na hapo ndipo nilipoanzia.

Nyumba yetu baba aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kila aliporudi safari. Alikuwa dereva wa lori la masafa, akienda Burundi, akienda Zambia, na kila alichokuwa anarudi nacho kilikuwa sehemu ya nyumba: leo bawaba, kesho kitasa. Gata alilitengeneza kwa kukunja bati kuukuu. Bomba la kushushia maji lilikuwa makopo ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa vitako na kuunganishwa, kopo juu ya kopo, hadi chini kwenye tanki la saruji pembeni ya jiko. Ukilitazama bomba lile ungesoma maneno ya kiwandani yamepinduka kichwa chini. Mimi herufi za kwanza kusoma nilizisoma hapo, na ndiyo maana hadi leo naweza kusoma gazeti la mtu aliyekaa mbele yangu.

Na tanki lile halikuwa pambo. Ninyi wa Arusha mnajua. Maji yetu ya bombani, yanayotoka ardhini chini ya Mlima Meru, ni matamu, ni baridi, lakini yana madini yanayopaka meno ya mtoto rangi ya chai ya rangi. Tuliwatazama wakubwa wetu wakicheka, tukajua ni nani alikulia bombani na ni nani alikulia tankini. Mama yangu, ambaye tulimwita Yeyo kama Waarusha wote wanavyomwita mama, alikuwa na tabasamu la kufunika kwa kiganja. Alikuwa mzuri, jamani, lakini sikuwahi kumwona akicheka bila mkono mdomoni. Akaapa kwamba watoto wake watakunywa maji ya paa hadi jino la mwisho liote. Ya bombani yalikuwa ya kufulia, ya kuogea, na ya ng'ombe wetu Bahati, ambaye hakuwa na mpango wa kupiga picha.

Maji ya paa yalikuwa na sheria yake. Mvua ya kwanza ni ya bati, ya pili ndiyo ya tanki. Vumbi la kiangazi chote, kinyesi cha ndege, maua ya jakaranda yaliyooza, yote hayo yalioshwa na mvua ya kwanza, na maji yake yaliachwa yaende zake. Kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kuyazuia yasiingie tankini. Kwetu tulitumia gunzi. Enzi zetu gunzi la mahindi lilikuwa kizibo cha dunia nzima: lilizibia chupa ya mafuta ya taa, kibuyu cha maziwa, dumu la pombe ya mbege. Unapanda juu, unaliingiza gunzi kwenye tundu ambalo gata linakutana na bomba, maji machafu yanafurika na kumwagika pembeni. Bati likishatakata, unalitoa gunzi. Basi.

Kazi ya gunzi, baba akiwa safari, ilikuwa ya Mjomba Elia.

Mjomba Elia alikuwa mdogo wake Yeyo, aliyekuja kukaa kwetu wiki moja akakaa hadi akawa na kiti chake. Mtu wa maneno mazuri sana. Angeweza kukueleza namna ya kukamua ng'ombe hadi ukasikia maziwa yakichuruzika, na Bahati bado amesimama na kiwele kimejaa. Masika ya mwaka ule alipanda, akaweka gunzi, mvua ya kwanza ikanyesha ikaosha bati. Yeyo akamwita kutoka jikoni, "Elia! Gunzi umetoa?"

"Nimetoa, dada! Kwa mkono wangu huu!"

Ikaja mvua ya pili, ikaja ya tatu, zikaja zile mvua za Aprili zinazofanya Mto Themi uungurume kama gari kubwa, na tanki letu likabaki kavu. Maji yalimwagika juu ya ukingo wa gata kama pazia. Sisi watoto tulifurahi, tulioga chini ya pazia lile tukipiga kelele. Mjomba akaegemeza ngazi, akapanda hadi katikati, akachungulia kwa mbali kama daktari anayeogopa damu, akashuka na jibu: "Bomba limeoza kwa ndani, dada. Na majani yamejaa. Hili ni la kumsubiri shemeji."

Shemeji, yaani baba yetu, alikuwa amekwama Zambia na lori bovu.

Basi masika yakaisha, kiangazi kikaingia, na Yeyo akaanza kuazima maji. Si maji tu. Maji ya paa. Mama Nai alikuwa na tanki limejaa. Mke wa mwinjilisti wa kanisa letu naye. Mzee Shabani, ambaye alitokea Kondoa na cherehani moja na heshima nyingi, alikuwa na mapipa yamepangwa nyuma ya nyumba, yamefunikwa kwa mabati na mawe. Hakuna aliyemnyima Yeyo. Enzi zetu maji ya kunywa hayakunyimwa wala hayakuuzwa kwa jirani. Uliazima ndoo, ulirudisha ndoo. Lakini Yeyo alijua anavyojisikia yeye. Alikuwa akitoka alfajiri kukiwa na umande bado, anapita njia ya mgombani, si njia kubwa, ndoo ameificha chini ya kanga kama mtu aliyebeba mtoto asiyetambulishwa. "Ndoo ya kuazima ina mdomo," alikuwa akituambia. "Hata ukiifunika inasema."

Nasi tulikunywa kwa kipimo. Mdogo wangu Neema ndiyo kwanza alikuwa anang'oka meno ya utoto, na kila kikombe cha maji ya kuazima kilianzia kwake. Sisi wengine tulisukutua kwa macho.

Hata watu wema huchoka. Siku moja Mama Nai, huku akijaza ndoo yetu, alisema kwa utani ambao haukuwa utani, "Mama Yona, vuli nayo ikipita hivi, sisi wote tutakuja kuazima kwa nani?" Yeyo akacheka, kiganja mdomoni. Mimi nilikuwa nimeshika mpini wa ndoo upande wa pili. Nilihisi akiivuta ndoo twende, kabla haijajaa.

Jioni ile, Yeyo alipofika nyumbani, akasema vuli haitapita hivyo. Gata litasafishwa, baba awepo asiwepo.

Mjomba Elia akakohoa. "Tatizo mbao za ukingo, dada. Zimelowa masika yote, mchwa wamezila. Hazibebi mtu mzima. Ningepanda, ila uzito wangu."

Hapo, na huwa sipendi kukubaliana naye, alisema kweli. Ukibonyeza zile mbao kwa kijiti zilikuwa zinalia kama biskuti.

"Basi apande mwepesi," Yeyo akasema. Akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayechagua kuku. Dada yangu mkubwa alikuwa shule ya bweni. Neema mdogo mno. Macho yakanifikia mimi yakatua.

Sasa lazima niwaeleze kwa nini mtaa ulicheka. Mwaka mmoja kabla, nilipanda mpera wa mwinjilisti kufuata mapera ya juu. Kupanda nilipanda. Kushuka ndiko kulikonishinda. Nilitazama chini, nikaona ardhi inazunguka, nikakumbatia tawi nikaanza kumwita kila mtu niliyemjua, hadi mwalimu wangu wa hesabu. Walinishusha kwa kamba ya ng'ombe. Tangu siku ile jina langu likawa Mzee wa Mpera. Nikipita, watoto walikuwa wakiuliza, "Mzee, mapera yameiva?" Hata shuleni, nikipewa ufagio na ndoo ya zamu, mwalimu alisema, "Yona fagia chini chini, huko juu tutamtafuta mwingine."

Ndiyo maana habari ilipoenea kwamba Mzee wa Mpera anapandishwa kwenye paa, Mzee Shabani akatamka ile ahadi yake ya suruali. Watoto wakaanza kujadiliana kwa uzito mkubwa. Suruali ya ng'ombe ina miguu mingapi? Zipu inakaa wapi? Na mkia je? Hoja ya mkia ilitugawanya kabisa. Wapo waliopigana kwa ajili yake.

Siku ya kazi Meru ulikuwa umevaa kofia. Wingu zito limekaa kileleni tangu asubuhi, upepo una harufu ya udongo unaosubiri, na siafu wanahama wakipita katikati ya uwanja. Kila mtu alijua kwamba mvua haiko mbali. Mjakaranda wa jirani ulikuwa umemwaga maua yote juu ya paa letu, zambarau tupu, ungedhani nyumba inakwenda harusini. Ngazi ilikuwa ya miti ya mgrevilea iliyofungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mjomba aliishika chini, akijifanya yeye ndiye msingi wa dunia. Uwanja ukajaa. Mama Nai alikuja na kigoda chake. Mzee Shabani alikuja na futi ya kupimia shingoni, makusudi, akaenda moja kwa moja zizini akasimama karibu na Bahati na kumtazama miguu.

Yeyo alinifunga kanga kiunoni, akaniwekea humo kijiko kikubwa cha kupakulia ugali na kipande cha waya kilichopindwa mwisho. Kisha akanishika kidevu.

"Usitazame chini, baba," akasema. "Chini hapaendi popote. Tazama mlima."

Nikapanda. Ngazi ikilia, natazama mlima. Mtu akiita "Mzee, mapera!", natazama mlima. Nilikuja kuujua Meru siku ile kuliko wanaoupanda kwa viatu vya kukodi. Najua wingu lilivyokaa, najua bonde linavyoshuka, najua mahali kijani kinapokuwa bluu. Nikashtuka kichwa kimegonga kitu. Kilikuwa ni bati. Nilikuwa nimefika.

Jamani, gata lile! Vijana wa leo wanaita fundi kwa simu, fundi anakuja na mashine inayopuliza, dakika chache amemaliza, hawajui walichokosa. Gata ambalo halijasafishwa ni sanduku la hazina. Nikachota kijiko cha kwanza cha tope jeusi linalonuka kama chai iliyolala, nikarusha chini, watu wakaruka wakipiga mayowe. Likatoka gololi langu la kijani nililolilia wiki nzima. Ukatoka mpira wa mifuko na kamba ambao tulimsingizia mtoto wa mwinjilisti kwamba ameuiba, naye akaupokea chini kwa mikono miwili, akiulaani na kuubusu. Ikatoka kandambili moja. Mama Nai akainuka kwenye kigoda.

"Hiyo ni ya mume wangu! Ilifikaje huko?"

Wote tulikumbuka usiku mume wake alipochelewa kurudi, na vitu vilivyoruka dirishani. Yeye mwenyewe akakumbuka pia. Akakaa taratibu.

Kiota kilikuwemo, kikavu, hakina mwenyewe. Katikati ya tope lilikuwa limeota hindi, hindi kabisa, lina majani matatu, limejipandia huko juu bila shamba wala mbolea. Nililiinua watu walione wakashangilia kama nimefunga bao. Sikuwa naogopa tena. Nilikuwa nimekaa ukingoni, miguu inaning'inia, tope hadi kwenye nyusi, natoa amri: "Ndoo! Sogea wewe! Mzee Shabani, kitambaa kimepatikana?" Yeyo alikuwa ananitazama, kiganja mdomoni.

Nikafika kwenye tundu la bomba. Nikaondoa majani ya mgrevilea yaliyoshikana kama mkeka. Chini ya mkeka ule pakatokea kitu cheupe chenye mashimo mashimo kama sega la nyuki. Nikakigonga kwa kijiko, kikatoa sauti ngumu. Nikaingiza waya, nikakishika, nikavuta. Hakitoki. Kilikuwa kimevimba masika, kikakaukia humo humo na tope limekizunguka kama saruji. Nikapandishiwa kopo la maji ya bombani, nikakimwagia kidogo, nikakizungusha, nikavuta tena kwa mikono miwili na roho yote, kikachomoka kwa sauti ya chupa ya soda.

Nikaliinua juu.

"Gunzi!"

Kisha, polepole, kama mchezo wa kuigiza uliofanyiwa mazoezi, kila kichwa kikamgeukia Mjomba Elia.

Mjomba alikuwa bado ameshika ngazi. Alilitazama gunzi. Akautazama mkono wake, ule ule aliosema alilitolea gunzi, kana kwamba umemsaliti.

"Labda," akasema, "ni gunzi la nyumba nyingine."

Nawaambia, Mama Nai alianguka kigodani. Mke wa mwinjilisti alilia machozi. Mzee Shabani aliegemea ng'ombe. Na Yeyo, mama yangu, aliyeazima ndoo kwa kujificha kiangazi kizima kwa sababu ya gunzi moja, nilimsubiri amkaripie mdogo wake. Hakukaripia. Alimpa ufagio. "Tope hilo lote," akasema, "hadi tone la mwisho. Kwa mkono wako huo." Mjomba akafagia, na ndiyo kazi pekee niliyowahi kumwona akiimaliza.

Kushuka nilishuka mwenyewe. Naomba hilo lieleweke. Hakuna kamba ya ng'ombe iliyohusika.

Mvua ikaja kesho yake, tumetoka shule. Ilianza kwa matone makubwa ya mbali mbali, tap, tap, kisha bati likaunguruma. Safari hii Yeyo hakutaka kusikia habari ya gunzi. Tulichomoa kopo la chini la bomba ili maji machafu yaende uwanjani. Gata likakohoa, likatema maji meusi, likatema ya kahawia, likatema ua moja la jakaranda lililokuwa limejificha. Sisi tunaruka matopeni, tunaomba turudishe kopo. "Bado!" anapaza sauti kutoka mlangoni. "Hayo ni ya bati!" Mvua ikapungua, tukanung'unika. Alasiri ikarudi na nguvu mpya. Akatoka na kikombe cheupe cha bati, akakinga, akayatazama maji kwenye mwanga, akayanusa, akaonja. Sisi tumesimama tumelowa, hatupumui.

"Yona," akasema. "Rudisha kopo."

Nilirudisha. Na bomba letu la makopo likaimba. Siwezi kusema vingine. Lilianza kwa sauti nyembamba juu, likashuka kopo kwa kopo, likabadilika sauti kila kwenye kiungo, likaishia kwenye tumbo la tanki kwa mlio mzito kama ngoma kanisani. Nimefunga mabomba ya maghorofa yenye lifti nne. Hakuna hata moja lililowahi kuniimbia. Usiku ule tulikula loshoro ya moto, chakula chetu cha maziwa mgando na mahindi, na kila mtu akanywa maji kikombe kizima bila kupimiwa. Neema alikunywa hadi tumbo likapiga kelele akitembea.

Leo nina nyumba Njiro. Mwezi uliopita, mawingu yalipoanza kukaa mlimani, nilimwambia mwanangu Brayani tupande tukasafishe gata. Kijana ana urefu wa mlango, anakula mayai manne asubuhi. Akaniambia, "Dingi, si tunampigia fundi tu?" Mimi fundi! Mwenye stashahada! Nikapanda mwenyewe, kwa umri huu, mke wangu akipiga kelele jina la Yesu. Brayani akabaki chini, lakini mikono haikuwa mitupu. Alikuwa ananirekodi kwa simu. Gata langu la plastiki lilikuwa na majani machache makavu na betri ya rimoti. Hakuna gololi. Hakuna mpira wa mtu wala kandambili ya mtu. Nilikaa juu kidogo. Huku ni ukuta, kule ni ukuta, juu ya kuta nyaya za umeme, na kila nyumba ina tanki lake na chupa zake za maji ya dukani. Majirani wangu ni watu wazuri, tunapungiana mikono magarini. Sijui hata mmoja wao kama tanki lake limejaa. Hakuna anayenidai ndoo, nami simdai mtu. Nilitazama mlima. Ulikuwa pale pale, na kofia yake.

Nikamwuliza Brayani aliyeko chini, "Unamjua jirani wa hapa?" Akasema, "Yupi?"

Sasa niwamalizie siku ya kulipa, maana ndiyo siku ninayoirudia kila mvua ya vuli inapoanza.

Asubuhi baada ya mvua ile Yeyo alitoa ndoo zote. Hakuivaa kanga kwa kujifunika. Aliivaa vizuri, ile mpya ya Krismasi. Akajaza ndoo hadi mdomoni, akaweka juu ya kila moja kipande safi cha jani la mgomba ili maji yasiruke njiani. "Ndoo hurudi imejaa kuliko ilivyokuja," akasema. Na hatukupita mgombani. Tulipita njia kubwa, katikati, yeye mbele na ndoo kichwani, mimi nyuma na yangu, Neema nyuma kabisa na kikopo, tukiwaamkia watu wote. Mama Nai alitupokea mlangoni, akamkumbatia Yeyo hadi maji yakamwagika kidogo. Mke wa mwinjilisti akatugawia mapera, akinitazama kwa jicho moja. Nyumba kwa nyumba, tulikwenda na kurudi, hadi jua likawa kali na bega langu likachubuka, na ikabaki ndoo moja.

Mzee Shabani alikuwa barazani kwenye cherehani yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mzee wa... " Akajizuia. Akanitazama tangu unyayo hadi utosini. "Marahaba, fundi."

Fundi! Ndugu zangu, stashahada yangu niliipata siku ile.

Akaipokea ndoo kwa mikono miwili, akachota kikombe, akayamimina yaliyobaki mtungini, akasema bismillahi, akanywa polepole hadi mwisho, akajifuta mdomo. "Mama Yona," akasema, "haki yangu imenifikia. Hamdaiwi kitu hapa." Kisha akainama chini ya meza, akavuta kitu kilichokunjwa, akakikunjua. Kilikuwa cha kaki, kile kitambaa cha kaptula za shule, kina miguu minne mipana kama magunia, kina mifuko, na nyuma kina tundu la mkia lililopindwa vizuri kwa uzi mweusi na mweupe kama pundamilia.

"Mimi ndiye bado nadaiwa," akasema, na futi tayari iko mkononi. "Mlete ng'ombe aje apimwe."

Yeyo aliipindua ndoo tupu, akaikalia, akacheka. Alicheka kichwa kimeenda nyuma, mikono yote miwili imeshika mbavu, mdomo wazi kabisa mbele ya jua, na meno yake yote ya rangi ya chai yaking'aa.